Muulize Fundi: Mdomo si pampu

Mwezi uliopita, nikimjibu mama mmoja wa Kilosa aliyeuliza habari za klachi, nilichomeka sentensi moja pembeni: kwamba mtu akiishiwa mafuta njiani anaweza kuchukua lita mbili tatu kwenye gari la mwenzake, ila asinyonye kwa mdomo. Basi. Nikarudi kwenye klachi yangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua za klachi zilizokuja ni mbili. Za mafuta zimejaza boksi la viatu, na nyingine za kwenye simu vijana wa gereji wamenisomea kwa sauti, maana macho yangu siku hizi yanachagua cha kusoma. Nimetoa sita. Klachi zingoje.

Shikamoo Fundi. Umesema tusinyonye kwa mdomo, hukusema tufanyeje. Naendesha Noah, Iringa kwenda Dar. Juzi niliishiwa petroli kati ya Ruaha Mbuyuni na Mikumi, nina abiria sita. Shemeji yangu alikuwa nyuma na gari lake dogo, akaegesha ubavuni mwangu. Tukakata mpira wa bustani, tukauingiza kwenye tangi lake. Uliingia shibiri moja na nusu ukagoma. Tukalazimisha ukapita, nikavuta mpaka mashavu yakauma, nikapata harufu tu. Kuutoa ikawa vita. Tulikosea wapi? (Dereva wa Noah, Ilula)

Marahaba, mwanangu. Mlikosea pengi, lakini tuanze na mpira.

Magari mengi ya miaka hii yana kijimlango au vali kwenye shingo ya tangi, ndani ya pale unapochomeka pua ya pampu kituoni. Kazi yake ni kuzuia petroli isimwagike gari likibiringika, na wezi nao inawasumbua kidogo. Mpira mnene ukifika hapo unagota. Ukiulazimisha, ncha inapita kwa kujikunja, halafu kile kijimlango kinarudi na kuubana kama mtego wa panya. Nimewahi kushusha tangi zima la Mark II kwa ajili ya kuchomoa kipande cha mpira cha namna hiyo, na mwenye gari alilipa pesa ambayo ingemjazia tangi. Ukigota, acha. Gari hilo limeshakuambia kwamba halitoi mafuta kwa njia hiyo.

Lipo jingine la kumwachia fundi, yaani kutumia pampu ya gari lenyewe. Kwenye magari mengi pampu imo ndani ya tangi, mara nyingi chini ya kiti cha nyuma. Fundi anapunguza presha kwanza, anafungua bomba, anaunganisha mpira wake, kisha anaiamsha pampu kwa kupitia rilei, ile swichi ya umeme inayoiwasha. Usijifunzie hilo kando ya barabara. Mfumo wa kawaida wa nozeli, zile zinazopulizia petroli kwenye injini, una presha ya kama bar 3, inayotosha kukurushia petroli machoni juu ya injini ya moto. Kwenye bomba la presha la injini za D4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, inapita bar 100, na dizeli za komoni reli, ambazo nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha, hufika 1,600 na zaidi. Presha hiyo inapenya ngozi kama sindano ya hospitali.

Sasa kosa la pili, ambalo hata mpira ungepita lingewakwamisha. Mmeegesha ubavu kwa ubavu, tangi sambamba na tangi. Mpira hauna nguvu yake. Ukishajaa mafuta, yale yaliyo kwenye mguu mrefu unaoning'inia nje yanashuka kwa uzito wake na kuyavuta yaliyo ndani yapande na kufuata. Sharti lake ni moja: mdomo wa nje uwe chini kuliko uso wa mafuta ndani ya tangi. Matangi mawili yakiwa kimo kimoja, mafuta yatatiririka kidogo, yatalingana, yatasimama. Ndiyo maana mafuta hayatolewi tangi hadi tangi. Yanashuka kwanza kwenye dumu lililowekwa chini, mpira unatolewa, halafu dumu linanyanyuliwa na kumiminwa kwa faneli. Ni safari mbili, lakini kila moja inateremka.

Na kuanzisha bila mdomo? Mimi nina vitu vitatu kwenye sanduku langu. Cha kwanza ni mpira wa kutikisa: ncha yake ina kikoba cha shaba chenye gololi ndani. Unauzamisha, unautikisa juu chini mara saba, nane, gololi inaruhusu mafuta yapande na inayazuia yasirudi, na mara unaona yanakuja. Cha pili ni ile balbu ya mpira wanayotumia wavuvi kwenye mashine za boti, ya kuminya kwa kiganja. Ina mshale, usiifunge kinyume ukaja kunilaumu. Cha tatu ni pampu ya plastiki ya mafuta ya taa, ile ya kubonyeza kichwani, ambayo kwa tangi lenye shingo fupi inatosha. Chochote utakachochagua, mpira uwe mwembamba na unaoonyesha ndani, uone mafuta yamefika wapi, na uwe wa kustahimili petroli. Mpira wa bustani petroli inaulainisha, na takataka zake zinakwenda kuziba chujio.

Lakini hayo yote ni vifaa. Kinachounguza watu ni kitu kingine, na hapa ngoja nikae kidogo.

Mwaka 1987 nilikuwa mwanafunzi wa ufundi kwenye gereji moja ya bati hapa Morogoro. Ilikuja pikapu, Peugeot 504, tangi linavuja. Fundi wangu akaniambia nifungue nati ya chini nimwage petroli kwenye karai. Gari lilikuwa juu ya shimo la kufanyia kazi, mimi nimo ndani ya shimo. Mama ntilie alikuwa nje, nimehesabu baadaye, hatua kumi na moja kutoka pale, chini ya mwembe, anakaanga vitumbua juu ya jiko la mkaa. Hakuna aliyewasha kiberiti. Hakuna aliyevuta sigara. Nilichoona ni mwanga wa buluu, mwembamba, chini chini kama maji yaliyomwagika, unatoka upande wa mwembe na kuja kwetu juu ya sakafu. Moto ulikuja kwa miguu, nathubutu kusema, na haukuwa na haraka kama watu wanavyodhani, au labda ni mimi niliyekuwa mzito. Fundi wangu alinikamata ukosi akanivuta juu. Karai likalipuka nyuma yangu. Nywele za mguu wa kulia mpaka leo hazioti, na vitumbua vya yule mama vililipwa na gereji.

Siku ile ndiyo nilipoelewa kwamba petroli yenyewe haiungui. Unaoungua ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hata nne. Haupandi juu ukatawanyika kama moshi. Unalala chini, unaingia mashimoni, unafuata mteremko, unatafuta jiko. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye jua la Ruaha Mbuyuni. Dizeli inataka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 kwanza, ndiyo maana watu wa malori wana ujasiri ambao mwenye petroli hapaswi kuuiga.

Kwa hiyo ningekuwa na wewe pale barabarani, kazi ingekwenda hivi. Abiria wote washuke, wasogee mbali, upande upepo unakotoka. Injini zote mbili zizimwe na zipoe. Nichungulie jiko, sigara, genereta, kibanda cha mchoma mahindi, hatua ishirini kila upande, na zaidi kule upepo unakokwenda. Dumu liwe chini, juu ya udongo. Lisiwe kwenye bodi la pikapu wala juu ya kiti, kwa sababu plastiki juu ya plastiki inakusanya umeme tuli usio na pa kwenda, na cheche yake huioni mchana. Niguse bodi la gari kwa kiganja kitupu kabla ya kufungua mfuniko, na nisiingie na kutoka garini katikati ya kazi, kwani nguo kujisugua na kiti inatosha kuuleta huo umeme. Mdomo wa mpira ufike sakafuni mwa dumu ili mafuta yasirushwe kama maporomoko. Mtungi wa zimamoto uwe mkononi mwa mtu mwingine, pini anaijua. Lita tano kwa mpira mwembamba ni dakika mbili tatu. Haina haja ya kuharakisha, na polepole hapa ina faida, kwa sababu mafuta yanayokimbia ndiyo yanayochaji.

Hata hivyo, nikikuambia ukweli, nisingefanya lolote kati ya hayo. Ulikuwa na shemeji mwenye gari zima lenye mafuta, na Mikumi mjini iko mbele. Angekwenda kituoni akarudi na lita tano kwenye dumu linalofaa, nyinyi mkakaa kivulini na pembetatu zenu barabarani. Kuchukua mafuta tanki la mwenzio ni jambo la mwisho, pale hakuna kituo wala mtu wa kumtuma.

Fundi, mnawatisha vijana bure. Mimi nimeendesha teksi tangu 1994 na nimenyonya petroli kwa mdomo mara zisizo na idadi. Niko hai, nina wajukuu. Ukiwa nje kwenye upepo hakuna hatari yoyote. (Dereva mstaafu, Tunduma)

Ndugu yangu, wajukuu hongera. Na mimi nilinyonya, sikatai, tena kwa mbwembwe, ili wateja waone kijana shupavu. Ila umetaja 1994, na mwaka huo una jambo lake. Petroli ya wakati ule ilitiwa risasi, ile ya madini, ili injini isigonge. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kule Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ilipoingia 2006 ikawa imeondoka vituoni. Kila funda lililotuponyoka mimi na wewe lilikuwa na risasi ndani yake, na risasi inapenda kukaa mifupani. Ya sasa haina risasi, lakini ina benzini, ambayo madaktari wanaihesabu miongoni mwa visababishi vya saratani ya damu. Wewe kuwa hai ni habari njema. Si kipimo.

Hilo la kuwa nje ndilo lililonikera. Mimi naishi Kihonda. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019 asubuhi lori la mafuta lilipinduka Msamvu, kituo cha mabasi kipo pale, na watu wakaenda na madumu, ndoo, hata sufuria. Palikuwa nje, peupe, jua limeshatoka, upepo upo. Nilisikia mlipuko nikiwa uani kwangu nanyoa ndevu. Waliofariki walipita 100. Baadhi niliwajua kwa sura, vijana wa bodaboda waliokuwa wakija kwangu kubadili oili. Kenya nao walikuwa wameshalia, Sachang'wan karibu na Molo, 31 Januari 2009, zaidi ya watu 110. Kongo ndiyo usiseme: Sange, Kivu Kusini, 2 Julai 2010, zaidi ya 200. Kote huko ni nje. Upepo unaoutegemea ukuondolee mvuke ndio huo huo unaoupeleka kwa mwenye moto ambaye hata hajui wewe upo.

Uwanja wazi ni bora kuliko chumba, hapo tunakubaliana. Usimwambie kijana kwamba unatosha.

Habari za kazi, Fundi. Mwanangu wa miaka 17 alinyonya petroli kwenye pikipiki ya mjomba wake, funda likampita. Jirani akashauri maziwa, kisha tumtapishe kwa maji ya chumvi. Akatapika. Usiku alikohoa sana na kesho yake akapata homa. Tulimpeleka zahanati, sasa hajambo. Tulifanya vibaya? (Mama, Muheza)

Njema, mama, na pole sana. Hili si la spana, kwa hiyo nimemuuliza mke wangu, aliyekuwa muuguzi miaka 31. Amenijibu akiwa anachambua mchele, bila kuinua kichwa: "Kutapisha ndiko kulikomkohoza."

Maelezo yake ni haya. Petroli tumboni inasumbua, lakini shida yake kubwa ni mapafu. Ni nyepesi na inateleza kuliko maji, hivyo tone dogo likipotea njia kooni linasambaa juu ya ngozi ya ndani ya mapafu na kuichoma, na mapafu yaliyochomwa hivyo yanavimba kama yenye nimonia. Mtu akitapishwa, petroli inapita pale pale kooni mara ya pili, na safari hii kwa vurugu. Maziwa hayaui sumu hiyo. Yanajaza tumbo tu na kuleta hamu ya kutapika.

Cha kufanya ni kumketisha wima, asukutue kwa maji na kutema, avue nguo zilizolowa na aoshwe kwa sabuni, mbali na jiko. Asitapishwe kwa chumvi, kwa kidole wala kwa chochote. Kisha kituo cha afya, hata kama anacheka, kwa sababu dalili huweza kuchelewa, na huko watamwangalia kwa saa sita hivi kabla ya kumruhusu. Akikohoa mfululizo, akihema haraka, midomo ikibadilika rangi au akisinzia ovyo, hapo ni mbio. Homa ya siku ya pili aliyoipata mwanao ndiyo mapafu yakilalamika. Mke wangu anasema kikohozi kikirudi katika wiki hizi, mrudishe akapimwe kifua.

Mjomba mtu anunue balbu ya boti. Ni bei ya nauli.

Mzee, niko Voi, mimi ni mtu wa boda. Mwenzetu akikwama huwa tunalaza pikipiki yangu kando na kumwaga petroli kwenye chupa ya maji. Kuna njia nzuri zaidi? (Msomaji, Voi)

Ipo, na kila siku iko karibu na goti lako. Ni koki. Pikipiki nyingi za kabureta zina koki chini ya tangi, na tangi liko juu, kwa hiyo asili imeshakufanyia kazi. Zima, subiri ekzosi ipoe kweli kweli, uweze kuishika. Funga koki. Chomoa mpira mwembamba upande wa kabureta, uelekeze kwenye chombo kilichoko chini, fungua koki. Ukipata nusu lita funga, rudisha mpira na klipu yake. Ukiisahau klipu, utavuja juu ya injini ukiwa na abiria.

Kulaza pikipiki acheni. Petroli inatoka kwenye mfuniko na kutiririkia ekzosi, na betri za maji nazo zinamwaga asidi. Na ile chupa ya maji, kaka, ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Petroli kwenye chupa inafanana na maji ya kunywa, imeachwa chini ya mti, mtoto anatoka shule ana kiu. Tafuteni kidumu kimoja cha stendi cha mafuta, chekundu, kisichofanana na kitu chochote cha kunywa, kikae kwa mwenyekiti wenu.

Fundi, rafiki yangu wa Fuso alinipunguzia lita 10, nikaweka kwenye IST yangu. Kumbe dizeli. Limekwenda kilomita mbili, moshi mweupe, likazima. Nifanyeje, na mafuta nikiyatoa nikayatumie wapi? (Singida)

Usiwashe tena. Tangi lishushwe au litolewe mafuta yote, mabomba yasafishwe kwa petroli safi, chujio libadilishwe, plagi zitolewe zikaushwe. Injini ya petroli kwa kawaida inasamehe kosa hilo. Ingekuwa kinyume, petroli kwenye Fuso, ningekuambia usiguse hata switchi, maana pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe, na petroli inaikausha chuma kikasagana na chuma.

Mchanganyiko utakaoutoa usiupeleke kwenye koroboi wala jiko la utambi, na usimpe mtu "akamalizie". Dizeli yenye petroli ndani inashika moto kama petroli, lakini mtu anayeiona rangi na kuinusa anaishika kwa ujasiri wa dizeli. Mpelekee fundi anayejua pa kuitupa. Na rafiki yako hana kosa, yeye alikupa alichokuwa nacho. Ungenusa.

Babu Fundi, shikamoo. Niko kidato cha pili, Chake Chake. Stoo ya babu kuna jerikeni la chuma la zamani lenye mishikio mitatu, limepigwa muhuri WD na mshale na 1944. Kwa nini mishikio mitatu? Na bado linafaa kuwekea petroli? (Mwanafunzi, Pemba)

Marahaba, mjukuu. Barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu imenifurahisha. Hilo dumu lina historia. Wajerumani walilibuni miaka ya 1930 kwa ajili ya jeshi lao, lita 20. Waingereza walikuwa na makopo ya bati yaliyovuja hovyo, wakayateka ya Wajerumani kwenye vita vya jangwani Afrika Kaskazini, wakaona wameshindwa hapo, wakaanza kutengeneza yanayofanana nayo. Askari wa Kiingereza walikuwa wakimwita Mjerumani "Jerry", na jina likabaki kwenye dumu mpaka likafika stoo ya babu yako. WD ni idara yao ya vita.

Mishikio mitatu ni akili tupu. Likijaa, watu wawili wanalibeba, kila mmoja mshikio wa pembeni. Mmoja akilibeba peke yake anashika wa katikati. Yakiwa matupu, mtu anashika mawili kwa mkono mmoja, kwa mishikio inayokutana, hivyo anabeba manne. Na kwenye mstari wa kupokezana, huyu anatoa kwa mshikio mmoja, yule anapokea kwa mwingine, hakuna anayesubiri.

Kama linafaa, limulike ndani kwa tochi, likiwa limekaa wazi muda mrefu na halina harufu. Ukiona kutu inayobanduka, basi, lifanyeni pambo. Kama ni safi, mpira wa mfuniko lazima ubadilishwe, wa 1944 hauna uhai tena. Na msilijaze mpaka shingoni. Petroli ikipata joto inatanuka. Lita 20 zikipanda nyuzi 20 zinaongezeka zaidi ya theluthi ya lita, na theluthi hiyo inataka pa kukaa. Wabunifu walilijua hilo, wakaacha nafasi ya hewa juu, chini ya mishikio. Kwa ajili ya hewa hiyo, likijazwa petroli na kutupwa majini, linaelea. Usilijaribu pale bandarini Mkoani, mjukuu. Niamini tu, na umsalimie babu.